Kupima Kasi ya Umetaboli wa Amfibia Majini na Nchi Kavu

Mtahiniwa, mada hii inaunganisha mambo matatu uliyojifunza kwa nyakati tofauti: upumuaji wa seli, ubadilishanaji wa gesi, na kanuni za gesi ulizozikuta katika Fizikia na Kemia. Mwanafunzi anayezisoma mada hizi mbalimbali hukwama swali linapoziweka pamoja. Tutazipitia hatua kwa hatua, na mifano yetu itatoka Lushoto na Milima ya Usambara, mahali penye amfibia wengi wasiopatikana kwingineko duniani.

1. Kasi ya umetaboli ni nini?

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko yote ya kikemia yanayotokea ndani ya mwili wa kiumbe hai. Kasi ya umetaboli ni kiasi cha nishati ambacho kiumbe hutumia kwa muda maalumu. Nishati hiyo hatuwezi kuiona wala kuishika. Ila tunajua inatoka wapi:

glukosi + oksijeni → kabonidayoksaidi + maji + nishati

Kwa kuwa oksijeni hutumika kadiri nishati inavyotolewa, tukipima oksijeni iliyotumika tutakuwa tumepima umetaboli kwa njia ya mzunguko. Ndiyo maana jibu huandikwa kama ujazo wa oksijeni kwa kila gramu ya mwili kwa kila saa (cm³/g/saa). Vipimo vyote vitatu ni vya lazima. Ukiacha gramu, utamlinganisha chura wa gramu 5 na wa gramu 50 kana kwamba ni sawa. Ukiacha saa, namba yako haina maana.

2. Kwa nini amfibia?

Panya hupumua kwa mapafu na samaki kwa matamvua. Amfibia ana njia zaidi ya moja. Kiluwiluwi hutumia matamvua na ngozi. Chura mzima hutumia mapafu, ngozi na utando wa ndani ya kinywa. Ngozi yake ni nyembamba, ina mishipa mingi ya damu, na hubaki na unyevu kwa sababu ya ute. Hizo ndizo sifa za eneo zuri la kubadilishana gesi.

Mwaka 1904 mwanafiziolojia wa Denmaki, August Krogh, alichapisha kazi iliyotenganisha upumuaji wa ngozi na ule wa mapafu katika chura. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kabonidayoksaidi hutokea kwenye ngozi, na kwamba mapafu huongeza mchango wake wa oksijeni mahitaji ya mwili yanapopanda. Sababu mojawapo ni kwamba kabonidayoksaidi huyeyuka katika maji kwa urahisi zaidi ya mara 20 kuliko oksijeni, kwa hiyo hupita kwenye ngozi yenye unyevu bila shida.

Amfibia pia ni mnyama wa damu baridi: joto la mwili wake hufuata joto la mazingira. Kwa wanyama wengi wa aina hii, halijoto ikipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya umetaboli huongezeka mara 2 hadi 3. Kipimo cha umetaboli wa chura kisichotaja halijoto ni nusu ya kipimo.

3. Maji na hewa si sawa

Kabla ya kugusa chombo chochote, elewa tofauti ya mazingira haya mawili.

(a) Kiasi cha oksijeni. Lita moja ya hewa ina takribani cm³ 209 za oksijeni. Lita moja ya maji yaliyojaa oksijeni kwenye nyuzi 20, usawa wa bahari, ina kama cm³ 6 tu.

(b) Kasi ya difyusheni. Oksijeni husambaa katika maji polepole kuliko hewani kwa takribani mara 10,000. Maji yakitulia, tabaka linalogusa ngozi ya mnyama huishiwa oksijeni haraka.

(c) Halijoto. Maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 15 hushika miligramu 10.1 kwa lita. Ya nyuzi 25 hushika miligramu 8.3.

(d) Mwinuko. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo kanieneo ya hewa ni karibu milimita 645 za zebaki badala ya 760. Oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa uwiano huohuo. Maji ya nyuzi 20 ambayo pwani yangeshika miligramu 9.1 kwa lita, Lushoto hushika kama 7.7.

Shika hiyo nukta (d). Tutairudia, kwa maana ndiyo inayoamua jibu la mfano wetu.

4. Kupima nchi kavu

Kifaa kinaitwa respirometa. Sehemu zake ni hizi:

• Chupa ya kioo isiyopitisha hewa, anamokaa mnyama.
• Chokaa ya soda chini ya chupa, ikitenganishwa na mnyama kwa wavu. Kazi yake ni kufyonza kabonidayoksaidi. Inaunguza, kwa hiyo haitakiwi kabisa kugusa ngozi ya chura.
• Pamba iliyoloweshwa maji, ili ngozi isikauke.
• Bomba la kapilari lenye tone la maji ya rangi, na rula pembeni yake.
• Beseni la maji linalozunguka chupa ili halijoto isibadilike.
• Chupa dhibiti: kila kitu ni kilekile isipokuwa mnyama hayumo.

Utendaji wake ni huu. Mnyama anatumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Chokaa ya soda inaifyonza kabonidayoksaidi. Ujazo wa gesi ndani ya chupa unapungua, kanieneo inashuka, na hewa ya nje inasukuma tone kuelekea kwenye chupa. Umbali ambao tone limesogea, ukizidishwa na eneo la mkato wa bomba, ndio ujazo wa oksijeni iliyotumika.

Bila chokaa ya soda tone lingesogea kidogo sana, kwa sababu kabonidayoksaidi ingejaza nafasi iliyoachwa na oksijeni.

Chupa dhibiti inatuambia ni kiasi gani tone lingesogea hata bila mnyama, kwa sababu ya mabadiliko madogo ya halijoto au kanieneo. Kiasi hicho hutolewa kwenye matokeo.

5. Kupima majini

Hapa chokaa ya soda haina kazi, kwa kuwa tunapima oksijeni yenyewe. Chupa hujazwa maji yaliyochanganywa vizuri na hewa, mnyama huingizwa, kisha kifuniko hufungwa bila kuacha hata povu moja la hewa. Povu likibaki litayeyusha oksijeni yake ndani ya maji na kuficha sehemu ya matumizi ya mnyama. Maji hukorogwa polepole ili kuondoa tatizo la nukta 3(b).

Kiasi cha oksijeni hupimwa mwanzo na mwisho, kwa kipima oksijeni cha umeme au kwa njia ya kikemia iliyobuniwa na Lajos Winkler mwaka 1888. Chupa dhibiti yenye maji matupu huonyesha oksijeni iliyotumiwa na bakteria.

Kwa mnyama anayepumua majini na kupanda juu kuvuta hewa, watafiti hutumia chombo chenye tabaka mbili: maji chini, hewa juu. Oksijeni ya kila tabaka hupimwa peke yake, na jumla yake ndiyo kasi ya umetaboli.

6. Mfano wa hesabu

Chukulia kwamba chura wa gramu 20 amepimwa Lushoto kwenye nyuzi 20, mara moja hewani na mara moja majini, akiwa ametulia na hajala. Matokeo:

Hewani: tone limesogea sm 12.5 kwa dakika 10. Katika chupa dhibiti limesogea sm 0.5 upande uleule. Eneo la mkato wa bomba ni cm² 0.02.

Majini: oksijeni imeshuka kutoka miligramu 7.6 hadi 6.7 kwa lita kwa dakika 30; katika chupa dhibiti imeshuka kwa 0.1. Maji yaliyomo ni lita 1.0.

Swali: Je, chura huyu hutumia oksijeni nyingi zaidi hewani kuliko majini?

Hatua ya 1, hewani:
Umbali halisi = 12.5 − 0.5 = sm 12.0
Ujazo = 12.0 × 0.02 = cm³ 0.24 kwa dakika 10
Kwa saa = 0.24 × 6 = cm³ 1.44
Kwa gramu = 1.44 ÷ 20 = 0.072 cm³/g/saa

Hatua ya 2, majini:
Upungufu halisi = (7.6 − 6.7) − 0.1 = miligramu 0.8 kwa lita
Katika lita 1.0 = miligramu 0.8 kwa dakika 30
Kwa saa = 0.8 × 2 = miligramu 1.6
Kwa gramu = 1.6 ÷ 20 = miligramu 0.08 kwa gramu kwa saa

Hatua ya 3, kubadili miligramu kuwa cm³:
Moli moja ya oksijeni ina gramu 32 na huchukua dm³ 22.4 katika halijoto na kanieneo sanifu. Kwa hiyo miligramu 1 ni 22.4 ÷ 32 = cm³ 0.70.
0.08 × 0.70 = 0.056 cm³/g/saa

Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini. Wanaona 0.072 hewani na 0.056 majini, wanaandika: "Chura hutumia oksijeni nyingi zaidi nchi kavu kwa sababu anatumia mapafu pamoja na ngozi." Maelezo yanapendeza, lakini jibu si sahihi.

Tazama tena. Cm³ za majini tumezipata kwa kutumia dm³ 22.4, yaani katika halijoto sanifu (nyuzi 0, ambayo ni kelvini 273) na kanieneo sanifu (milimita 760). Cm³ za hewani tumezisoma kwenye rula, Lushoto, kwenye kelvini 293 na milimita 645. Zinaitwa kwa jina moja lakini hazina idadi sawa ya molekuli. Ni sawa na kulinganisha debe lililoshindiliwa na debe lililojazwa juujuu.

Hatua ya 4, kusahihisha kipimo cha hewani:
0.072 × (273 ÷ 293) × (645 ÷ 760)
= 0.072 × 0.932 × 0.849
= 0.057 cm³/g/saa

Sasa tuna 0.057 hewani na 0.056 majini. Tofauti imetoweka. Chura yule, akiwa ametulia kwenye nyuzi 20, ametumia kiasi kilekile cha oksijeni pande zote mbili. Kilichotofautiana kilikuwa wepesi wa hewa ya mlimani, wala si mwili wa chura.

Jiulize: kifaa hichohicho kikiteremshwa hadi Mombo, chini ya mlima, na halijoto ikabaki nyuzi 20, tone litasogea zaidi au pungufu? Litasogea pungufu, kwa sababu huko chini hewa imebanana na molekuli zilezile huchukua nafasi ndogo. Mahitaji ya chura hayakubadilika.

7. Wanyama wa Usambara na uchaguzi wa chombo

Mtafiti huchagua chombo kwa kuangalia maisha ya mnyama. Linganisha hawa watatu:

Nectophrynoides tornieri ni chura mdogo wa misitu ya Usambara Mashariki, ikiwemo Amani. Jike hazai mayai majini. Huzaa vyura wadogo walio kamili. Hakuna kiluwiluwi kinachoogelea, kwa hiyo chombo cha hewani chenye unyevu ndicho kinachofaa kwa umri wote.

Arthroleptides martiensseni huishi kando ya vijito vyenye miamba na maporomoko. Viluwiluwi wake hung'ang'ania juu ya miamba inayolowana, penye utando mwembamba wa maji. Hapo mpaka kati ya majini na nchi kavu ni mdogo mno. Chombo cha tabaka mbili kingefaa.

Boulengerula boulengeri hana miguu, anafanana na nyungunyungu mkubwa, na huchimba udongo wa msituni. Ndani ya udongo oksijeni inaweza kuwa haba kuliko hewani. Ndugu yake wa Milima ya Taita nchini Kenya, Boulengerula taitana, alifanyiwa utafiti wa damu na ubadilishanaji wa gesi uliochapishwa mwaka 1975. Kwa mnyama wa namna hii, hewa ndani ya chupa inapaswa kuigiza ile ya shimoni.

Angalizo: wanyama hawa wanalindwa, na Amani na Magamba ni hifadhi za misitu ya asili. Utafiti juu yao unahitaji kibali. Usiende kukamata chura msituni kwa ajili ya kujisomea. Maharage yanayoota, ambayo Lushoto hayakosekani, yataonyesha kanuni ileile ya respirometa vizuri kabisa. Panzi wachache pia wanafaa.

8. Kwa nini vipimo hivi vina maana

Chukua kijito kinachotiririka chini ya kivuli cha msitu, maji yake yakiwa nyuzi 15. Kwa mwinuko wa Lushoto kinashika kama miligramu 8.6 za oksijeni kwa lita. Miti ikikatwa, jua likapiga maji hadi nyuzi 25, oksijeni inashuka hadi kama 7.0. Wakati huohuo umetaboli wa kiluwiluwi unaongezeka angalau mara mbili. Akiba imepungua, matumizi yamepanda. Chura mzima anaweza kutoka nje na kutumia mapafu, lakini hewa kavu itamkausha ngozi. Kiluwiluwi hawezi hata hilo. Na mnyama anayeishi karibu na kilele hana mahali pa juu zaidi pa kuhamia.

Tanzania imeshaona jinsi amfibia anavyoweza kutoweka upesi. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, wa jenasi moja na yule wa Amani, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yalipungua mno. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi pia uligunduliwa kwa vyura hao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ilianza. Ili kuwatunza, ilibidi wawekewe unyevu, halijoto na chakula kinachofaa miili yao. Maarifa ya namna hiyo hupatikana kwa kupima.

9. Makosa ya kuepuka

• Kusema chokaa ya soda hufyonza oksijeni. Hufyonza kabonidayoksaidi.
• Kusema tone husogea mbali na mnyama. Husogea kuelekea kwa mnyama.
• Kusahau kutoa matokeo ya chupa dhibiti. Tone la dhibiti likisogea upande wa pili, hujumlishwa.
• Kulinganisha cm³ zilizopimwa katika kanieneo tofauti bila kusahihisha.
• Kupima mnyama aliyetoka kula au anayehangaika; vyote viwili hupandisha umetaboli.
• Kuandika "chura hupumua kwa mapafu" bila kutaja ngozi.

10. Jipime

(i) Kwa nini pamba yenye maji huwekwa hata katika kipimo cha nchi kavu?
Jibu: Gesi hupita kwenye ngozi baada ya kuyeyuka katika unyevu. Ngozi ikikauka, upumuaji wa ngozi hupungua na kipimo hakitaonyesha hali ya kawaida ya mnyama.

(ii) Taja kigeu huru, kigeu tegemezi na vigeu viwili vya kudhibitiwa katika jaribio la sehemu ya 6.
Jibu: Kigeu huru ni mazingira (hewa au maji). Kigeu tegemezi ni oksijeni iliyotumika. Vya kudhibitiwa ni halijoto na hali ya mnyama (ametulia, hajala).

(iii) Chura wa gramu 20 hutumia 0.056 cm³/g/saa kwenye nyuzi 20. Ikiwa kasi huongezeka mara 2 kwa kila nyuzi 10, atatumia cm³ ngapi kwa saa kwenye nyuzi 30?
Jibu: 0.056 × 2 × 20 = cm³ 2.24 kwa saa.

(iv) Mwanafunzi wa Tanga mjini na mwanafunzi wa Lushoto wamepima vyura wanaofanana kwenye nyuzi 20. Tone la Lushoto limesogea zaidi. Je, chura wa Lushoto ana umetaboli mkubwa zaidi?
Jibu: Haiwezekani kuamua mpaka vipimo vyote visahihishwe kwa kanieneo sanifu. Hewa ya Lushoto ni nyepesi, kwa hiyo molekuli zilezile za oksijeni huchukua ujazo mkubwa zaidi.

Ukiweza kujibu swali la (iv) kwa maneno yako mwenyewe bila kurudi kusoma, umeielewa mada. Ukikwama, rudia hatua ya 3 na ya 4 ukiwa na kalamu mkononi, kisha funika kitabu na ujaribu tena.